Taji la Machungwa Makavu Limeharibika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuanza Upya

Taji la mlangoni la machungwa makavu huonekana kazi rahisi mpaka siku ya tatu. Siku ya kwanza vipande vinapitisha mwanga kama vioo vya rangi. Siku ya pili nyumba nzima inanukia mdalasini. Siku ya tatu unagusa kipande na kidole kinanasa, na hapo watu wengi huanza kuilaumu oveni. Mimi natengeneza mataji haya Tanga, kwa machungwa ya Muheza, kila mwaka kuelekea Krismasi, na nimeshatupa vipande vingi kiasi cha kujua kwamba oveni mara nyingi haina kosa. Huku pwani kukausha tunda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo ngumu, ni kulifanya libaki kavu.

Nasema taji kwa makusudi. Ukimwambia mteja "shada", wengi huwaza makaburini, na kitu hiki ni cha kumkaribisha mgeni.

Anza na dalili unayoiona kwenye taji lako. Lakini kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya jaribio lifuatalo, maana bila hilo utakuwa unakisia.

Je, vipande vilikauka kweli?

Usikihukumu kipande kikiwa cha moto. Kikitoka kwenye oveni huwa laini hata kama hakina maji tena, kwa sababu sukari iliyomo bado imelegea. Kiache kipoe dakika 10, halafu bonyeza katikati kwa ukucha. Alama ikibaki, bado hakijakauka. Kikunje: kilichokauka barabara hukatika kwa mlio, kisichokauka hupinda kama ngozi ya kiatu.

Mwenye mizani ya jikoni ana njia bora zaidi. Chungwa kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 85 ya uzito wake. Kilo 1 ya vipande vibichi, ikikauka, itabaki kati ya gramu 150 na 200 hivi, kutegemea unene wa ganda. Pima trei yako, irudishe ndani, pima tena baada ya nusu saa. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, maji yamekwisha. Tangu nianze kupima nimeacha kubishana na vidole vyangu.

Vipande vinanata, taji linatoa jasho

Hili ndilo tatizo kuu la pwani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jiulize kwanza: kunata kulianza lini? Kama vipande vilinata tangu vilipopoa, havikukauka. Virudishe kwenye joto la nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi na upime kama nilivyoeleza. Lakini kama vilikuwa vigumu, vikagongana kwa mlio kama vifungo, kisha vikalegea baada ya usiku wa mvua, basi vilikauka vizuri na vimekunywa maji upya kutoka hewani.

Sababu ni sukari. Ndani ya chungwa mna sukari za aina tatu, na mojawapo, ile tunayoiita sukari ya matunda, ina uchu mkubwa wa maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, huanza kuyavuta. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, usiku na alfajiri, hasa wakati wa mvua, unyevu hupita hapo kwa mbali. Umeona chumvi inavyolowa kwenye kikopo wakati wa masika, au sukari guru inavyoyeyuka kwenye karatasi yake. Kipande chako cha chungwa kinapitia jambo lilelile. Na ubaya wa Krismasi yetu ni kwamba maandalizi yake yanaangukia katikati ya vuli.

Dawa ya haraka: rudisha vipande kwenye oveni ya nyuzi 80 kwa dakika 20 hadi 30. Usiviache vipoe mezani usiku kucha, utakuwa umefanya kazi bure. Vikifikia uvuguvugu, vitie kwenye chombo kinachofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Vipakiti vikikaa muda mrefu navyo hushiba maji, kwa hiyo usivitegemee vya mwaka juzi. Kama huna, mchele uliokaangwa mkavu kwenye kikaango na kupozwa husaidia kiasi, lakini ni dhaifu.

Dawa ya kweli ni kubadilisha kalenda. Kausha matunda kabla vuli haijaanza, hewa ikiwa nyepesi, uyafungie kwenye chupa, na uunge taji katikati ya Desemba. Kama una ndugu Dodoma au Singida, mpelekee kazi ya kukausha miezi ya kiangazi. Hewa ya kule itafanya kwa siku chache kile ambacho pwani inakinyima.

Chagua pia tunda. Chenza tamu na chungwa lililoiva kupita kiasi ndivyo vinavyonata mapema. Limau lina sukari kidogo, na kwangu limestahimili mvua kuliko chungwa. Taji la nje barazani ningeliwekea malimau mengi na machungwa machache. La ndani, kwenye chumba chenye kiyoyozi, linaweza kuwa la machungwa matupu, kwa kuwa kiyoyozi hupunguza unyevu. Usilitundike karibu na mlango wa jikoni wala wa bafu.

Na vanishi? Vanishi ya kupuliza isiyo na rangi husaidia, ila kwa masharti. Pulizia siku ileile vipande vilipotoka kwenye oveni, vikiwa vimepoa na vingali vigumu. Piga mikono miwili au mitatu myepesi kila upande, na ukingo usiusahau. Itachelewesha maji kuingia. Kuyazuia kabisa haiwezi. Baada ya hapo kipande hicho si cha kutia kwenye chai tena, na mwambie mteja mwenye watoto wadogo.

Vidoa vyeupe, vya kijani au vyeusi

Usiogope kila cheupe. Wakati mwingine ni sukari iliyoganda juu ya kipande. Gusa doa kwa ncha ya kidole chenye maji: sukari huyeyuka na kupotea. Ukungu una manyoya, na ukiunusa unakumbusha kabati lililofungwa muda mrefu.

Ukiwa ni ukungu, tupa kipande hicho pamoja na vyote vilivyogusana nacho. Usikirudishe kwenye oveni ukidhani umekiponya. Vumbi lake linabaki, na kwa mwenye pumu taji la namna hiyo mlangoni ni adha ya kila siku.

Sasa tafuta maji yalitoka wapi. Nimeyakuta sehemu nne.

Ya kwanza ni unene. Kipande cha milimita 8 au zaidi, kikipewa moto mkali, hukauka juu haraka na kufunga njia, maji ya katikati yakabaki ndani. Kwa nje kinaonekana kigumu. Wiki mbili baadaye kinaota. Kata milimita 5 au 6, na moto uwe mdogo.

Ya pili ni vanishi iliyopigwa kabla kipande hakijakauka, ambayo hufungia maji ndani. Ya tatu ni mfuko wa plastiki: unamfungia mteja taji lingali na uvuguvugu, asubuhi anakuta matone upande wa ndani.

Ya nne ndiyo ambayo watu hawaishuku. Ni majani mabichi. Tawi la mvinje au la mti wa Krismasi likikatwa leo na kufungwa leo, linaendelea kutoa maji kwa siku nyingi, na jirani yake wa kuyapokea ni chungwa lako kavu. Ukitaka majani, yakaushe kwanza kivulini yakiwa yamening'inia kichwa chini, au yafunge upande wa nje wa taji yasigusane na matunda. Mimi siku hizi naweka mdalasini, karafuu na majani makavu ya mbei (bay) tu.

Kwa wanaoanika juani: pwani, wakati wa vuli, sikushauri. Vipande vinahitaji siku kadhaa za jua mfululizo, na umande wa usiku mmoja unafuta kazi ya siku nzima. Penye kiangazi kikavu inafaa, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, vimefunikwa chandarua, na vinaingizwa ndani kabla ya magharibi.

Nyama ya tunda imekuwa kahawia

Moto ulikuwa mkubwa. Kuanzia nyuzi 110 hivi, sukari na tindikali za tunda huanza kubadilika rangi, na kadiri kipande kinavyozidi kukauka ndivyo kinavyoungua upesi. Ndiyo maana vipande vyako huwa vizuri saa tatu za kwanza, halafu ukienda kupokea simu ukirudi vimekwisha.

Oveni nyingi za gesi haziwezi kushuka chini ya 130 au 140, na namba za kwenye kitufe hazisemi kweli sikuzote. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ya oveni ndicho kifaa cha kwanza ningekushauri ununue, kabla ya chochote cha mapambo. Oveni ikikataa kushuka, tia mwiko wa mbao mlangoni ili ubaki wazi kidogo. Joto linapungua na mvuke unapata pa kutokea, mambo mawili kwa mwiko mmoja. Weka vipande juu ya wavu badala ya trei, na kila saa uvigeuze. Kwa nyuzi 90, vipande vya milimita 5 hunichukua saa nne mpaka sita. Mashine ya kukaushia matunda, kwa nyuzi 57 hivi, huchukua saa 8 hadi 12 na rangi hubaki safi kuliko njia yoyote. Ukiwa unauza, inalipa.

Oveni ya mkaa, au sufuria yenye mchanga ile ya kuokea keki, ina moto usiotabirika kwa kazi hii. Itumie kumalizia tu, vipande vikishakuwa karibu kukauka, mkaa ukiwa umebaki majivu mengi.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uviloweke vipande kwenye maji ya limau visibadilike rangi. Hiyo ni ya maembe, ndizi na matofaa. Chungwa lina tindikali yake tayari, hulisaidii.

Ganda limegeuka rangi ya majani yaliyooza

Hili nimeulizwa mara nyingi na watu wanaotazama picha za mataji ya Ulaya yenye maganda ya rangi ya machungwa iliyokolea, kisha wanatoa ya kwao yenye ukingo wa kahawia-kijani na kudhani wamekosea. Hawajakosea. Ni tofauti ya tunda.

Chungwa la pwani huiva likiwa la kijani. Ili ganda ligeuke, mti unahitaji usiku wa baridi. Baridi ndiyo inayoondoa ukijani na kuacha rangi ya machungwa ionekane. Muheza haina usiku wa namna hiyo, kwa hiyo tunda linakuwa tamu ndani na kijani nje. Ukilitia kwenye joto, tindikali ya tunda pamoja na moto vinauvunja ule ukijani na kuugeuza rangi ya zeituni, kisha kahawia. Ni jambo lilelile linaloupata mchicha ukipikwa muda mrefu na ndimu.

Unaweza kufanya mambo matatu. La kwanza, menya ngozi ya kijani kwa kisu chembamba, uache ule utando mweupe, ndipo ukate. Utapata kipande chenye ukingo wa rangi ya maziwa, na kwenye mlango wa rangi nzito kinapendeza sana. La pili, tafuta tunda la milimani, kwa mfano la Lushoto, ambako baridi ipo na maganda hugeuka njano. Au nunua yale yanayoletwa kutoka Afrika Kusini au Misri, ukiyaosha kwa maji ya uvuguvugu kuondoa nta. La tatu, ambalo ndilo langu, ni kuukubali ukingo wa zeituni na kulipanga taji liendane nao: katani, mdalasini, vifuu vya nazi. Taji la Tanga likionekana la Tanga sioni hasara.

Ndimu nazo hupoteza ukijani kwa namna hiyohiyo. Waoman wameigeuza hali hiyo kuwa faida: huchemsha ndimu nzima kwa maji ya chumvi na kuzianika juani mpaka ziwe kahawia au nyeusi, kwa ajili ya mapishi. Ukizipata, zitoboe na uzitungie kwenye taji. Nyepesi, ngumu, na harufu yake haichoshi.

Vimejikunja, vimenasa, vina matundu

Vikijikunja kama chipsi, ulikata vyembamba mno au hukugeuza. Panga wavu wa pili juu yake saa mbili za mwisho. Vikinasa kwenye trei, tumia karatasi ya kuokea na uvibandue vikiwa bado vya moto, kabla sukari haijashika. Matundu katikati yametokana na kutoa mbegu kwa nguvu; zisukume kwa kijiti baada ya nusu saa ya kwanza ya oveni, zitakuwa zimelegea. Kabla ya kuvitia ndani, vikaushe juisi ya juu kwa kitambaa safi ukibonyeza taratibu. Utaokoa gesi au umeme.

Vipande vinadondoka kimoja kimoja

Gundi ya moto ya vijiti hukamata haraka, na ndiyo maana tunaipenda. Lakini hulegea kwenye joto. Mlango unaotazama magharibi, wenye rangi nyeusi, jua la saa kumi linaupasha kiasi cha kuilegeza. Na hata kivulini, sukari ya juu ya kipande ikivuta maji, gundi hubanduka nzima, safi, kama haikuwahi kushikana.

Acha gundi, shona. Chukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani. Toboa vitundu viwili karibu na ganda kipande kikiwa bado cha moto na laini (kikipoa kitapasuka), pitisha uzi, funga fundo nyuma ya duara. Taji la kushonwa linachukua muda mara mbili, na likinata unaweza kulifungua, ukakausha vipande na kuvirudisha. La gundi huwezi.

Waya wa kufungia nondo, ule mweusi, usiutumie. Hewa ya bahari na tindikali ya tunda vinautia kutu, na kutu inaacha michirizi kwenye nyama ya chungwa na kwenye rangi ya mlango pia. Ukilazimika kutumia waya, chukua uliovikwa plastiki.

Kama duara lenyewe limepinda na kuwa yai, ulifunga fito mbichi. Hunywea zinapokauka. Zizungushe, zifunge, ziache zikauke wiki mbili ndipo uanze kupamba. Matawi ya mizabibu yanayokatwa Dodoma wakati wa kupogoa hufanya duara zuri mno ukiyaloweka kwanza. Ukili uliosukwa mnene nao unafaa kwa taji dogo.

Sisimizi, na unga mwembamba chini ya taji

Sisimizi wanafuata sukari, kwa hiyo dalili hii mara nyingi inakuambia kwamba taji limeanza kunata. Tibu kunata kwanza. Litundike kwa ndoano isiyogusa ukuta, upake mafuta kidogo kwenye ndoano.

Unga na nyuzi kama za buibui ni jambo jingine: ni viwavi wa nondo wa nafaka, wale wanaoingia kwenye unga na mchele, na matunda makavu wanayapenda vilevile. Funga vipande kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukivitoa, usifungue mfuko mpaka vipate joto la chumba, la sivyo hewa itamwaga maji juu yake. Angalia pia stoo ya jikoni, huenda ndiko walikotoka.

Rangi imepauka

Jua. Rangi ya chungwa haistahimili mwanga mkali kwa muda mrefu, na hakuna vanishi ya bei ya kawaida itakayoizuia. Balungi jekundu hupauka mapema kuliko mengine. Kwenye mlango wa jua, hesabu wiki chache. Ndani, mbali na dirisha, msimu mzima na zaidi.

Limefika kwa mteja likiwa vipande

Kipande kikavu hukatika kirahisi, na ukikiacha kilegee ili kisivunjike kinanata. Nimelijaribu hilo kwa mataji ya kutuma Dar es Salaam kwa basi. Ninachofanya ni kulifunga taji juu ya kipande cha boksi gumu kwa uzi, sehemu nne, lisitikisike. Juu yake nalaza karatasi laini iliyokunjwakunjwa. Ndani naweka vipakiti viwili vya kunyonya maji. Boksi la nje nalizungushia nailoni na kuliziba kwa selotepu. Halafu namwomba kondakta alipandishe juu, kwenye rafu ya ndani, kwa sababu buti la basi linakuwa na joto na mara nyingine samaki. Mteja namwambia alifungue siku ileile anayotaka kulitundika, si kabla.